Nusu ya Pili ya Wimbo wa Kabanyana

Mara ya kwanza niliposikia sauti ya Kabanyana, nilivaa kitenge cheusi. Ilikuwa mwaka 1997, asubuhi, ukungu bado umelalia ziwa la Nakivale, Uganda, penye kambi yetu ya wakimbizi, nami nachochea moto wa uji. Jirani yangu alikuwa msichana mmoja kutoka Bukavu, aliyepewa turubai jana yake tu. Kutoka kwake ikatoka sauti. Ilianza chini kama mtu anayeuliza njia. Ikapanda. Ikapanda tena, ikafika mahali ambapo mtu mwenye furaha hana kazi napo. Nikasema moyoni: maskini, hata sufuria hajafungua na tayari amefiwa.

Kwetu ukisikia kilio huulizi, unabeba kuni. Nikabeba kuni. Nilipofika nikakuta wenzangu wamekwisha kutandika mikeka. Huyu kaleta maharage, yule maji, na wanaume wamekaa upande wao, mikono mashavuni. Ndayambaje, Mrundi wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye hajawahi kuchelewa msibani wala kuwahi shambani, alikuwa ameshika jembe. Msichana amesimama katikati yetu, macho kayafumba, uso kauelekeza ziwani, analia kwa lugha tusiyoijua. Tukasema labda ndiyo lugha ya marehemu.

Ndayambaje akamgusa bega kwa upole.

"Pole, dada. Maiti ni mrefu ao mfupi?"

Sauti ikakatika. Msichana akafumbua macho, akatuona wote pale na sufuria zetu.

"Maiti gani?"

"Huyu unamulilia. Nataka kupima shimo."

"Mi silie! Minaimba. Hapana mutu alikufa. Ni wimbo ya bibi harusi!"

Tukatazamana.

"Bibi harusi," akasema Ndayambaje. "Anaolewa na nani? Na simba?"

Maharage yalikuwa yamekwisha kutokota, na maharage ya msiba hayarudishwi nyumbani. Tukayala. Ilikuwa karamu yangu ya kwanza Nakivale, na wala hakufa mtu.

Baadaye nilimkalisha kwangu anieleze. Alikulia kwa masista, na sista mmoja Mwitaliano aliyeitwa Ortensia alikuwa na gramafoni na sahani za opera. Sista huyo alimfundisha kupumua kwa tumbo, kufungua koo, kushika Kitaliano. Mimi pia nilisoma kwa masista, mpaka darasa la nne, ila mimi walinifundisha kufua mashuka.

"Opera ni nini?" nikamuuliza.

"Ni hadithi, Mama. Lakini batu habasemi, banaimba. Hata mutu akichomwa kisu, anaimba kwanza, ndiyo anakufa."

"Kwetu akichomwa kisu anapiga kelele. Naona mmekaribiana."

Akacheka. Kisha akanieleza jambo ambalo, laiti tungelisikia asubuhi ile, tungeokoa miaka mingi. Wimbo ule ulikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza bibi harusi anaaga nyumba ya mama yake, analia. Nusu ya pili anamwona bwana harusi mlangoni, anacheka. Ndayambaje alimgusa bega akiwa bado hajafika mlangoni.

Basi, wiki ile ile akafa mzee mmoja kweli, na watoto wake wakaja moja kwa moja kwa Kabanyana. "Dada, utulilie." Akaenda. Aliimba nusu ya kwanza tu, maana kucheka mbele ya jeneza hata yeye aliona si adabu. Watu walilia mpaka mbuzi wakaacha kula. Tangu siku hiyo hakukuwa na msiba Nakivale bila yeye, wa Wakongomani, wa Warundi, wa Wanyarwanda. Msiba bila Kabanyana ulikuwa chai bila sukari. Jina lake likafika hata kwa wagonjwa. Kuna mama mmoja alikuwa kitandani muda mrefu. Alipomwona Kabanyana anaingia kumpa pole, aliinuka, akatafuta viatu, akasema amepona. Na kweli alipona, yupo mpaka leo, anauza dagaa.

Mwanangu Kalume ndiye aliyekuwa akimbeba kwa baiskeli kumpeleka kwenye misiba hiyo. Mwanzoni nilidhani anawapenda marehemu. Nikaja kugundua kwamba hata siku ambazo hakufa mtu, baiskeli inaegemea pale pale kwenye turubai la Kabanyana.

"Kalume, unamtaka huyo binti?"

"Mama, acha."

"Nauliza tu. Mimi nazeeka, na mikono yangu haijashika mjukuu."

"Ninamutaka. Yeye ndiye hataki harusi. Muulize."

Nikamuuliza. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, wala hakuinua kichwa.

"Mama, Kalume ninamupenda. Lakini siku yangu nataka kuimba wimbo ya Sista, yote, mupaka mwisho, na batu bacheke kwenye fasi ya kucheka. Nikifungua kinywa leo, wote banainamisha kichwa. Sasa nitaolewa, ao nitazikwa? Nikipata harusi moja tu kwanza, ya mutu mwingine, nikaona bamecheka, kesho yake Kalume alete washenga wake."

Mnaona? Mjukuu wangu alikuwa amekwama katikati ya wimbo wa Kitaliano.

Lakini nani atamwita harusini? Wenye harusi wakimwona barabarani walikuwa wanavuka upande wa pili. Mchungaji mmoja alimwomba kwa heshima asipite karibu na kanisa siku za Jumamosi. Hapo nikaona ni kazi ya bibi kizee. Nikafunga kilemba, nikapanda gari la Mbarara kwenda kumtafuta Zainah.

Zainah nilimfahamu kwa sababu nilikuwa namuuzia maharage. Yeye na mumewe Abubaker ni wakodishaji wa mahema na viti vya sherehe, na nyuma ya duka lao wana ukumbi ambamo kila Jumamosi kuna bibi harusi. Nikamwambia nina mwimbaji aliyefundishwa na Mzungu. Sikusema kazi yake. Hakuniuliza, na mimi nilifundishwa nisijibu nisichoulizwa.

Siku ilipofika Kabanyana akavaa gauni jeupe la kuazima, akasimama mbele ya keki, akafumba macho. Hakufika mbali. Meza ya nyuma alikuwa amekaa mtu mmoja wa Nakivale, mtu wa adabu sana, na adabu yake ikatuangamiza: aliposikia sauti ile akavua kofia, akasimama. Wa pembeni yake naye akasimama. Ukumbi mzima ukasimama, vichwa chini. Mjomba wa bwana harusi akachukua sahani ya karanga, akazimwaga karanga, akaanza kupitisha rambirambi.

Zainah alimtoa Kabanyana kwa mkono kupitia mlango wa jikoni, wimbo ukiwa nusu njia.

"Rambirambi! Kwenye harusi! Wallahi tangu nizaliwe! Mama Kalume, wewe ni nyoka wa kijani."

"Nyoka wa kijani haumi, Hajat. Umpe nafasi nyingine."

"Nafasi? Bibi harusi ananiuliza ni nani wa kwao amekufa!"

Nilimbembeleza Zainah miezi mingi. Nilimpelekea maharage mazuri, yale ya njano, nikayapima kwa kikombe kilichojaa mpaka kikafanya mlima. Mwisho akachoka nami.

"Harusi moja, Mama Kalume. Watu wakicheka, Jumamosi zote ukumbini kwangu ni zake. Wakiinamisha vichwa tena, arudi kwa maiti zake, na wewe usikanyage dukani."

Harusi yenyewe ilikuwa kijijini Masha, mwaka 2004, kwa mzee Twinomujuni, mwenye ng'ombe wa pembe ndefu hadi huwezi kupita zizini bila kuinama. Binti yake Robinah alikuwa anakabidhiwa kwa Naboth, askari wa kambi ya Mbarara. Zainah alileta mahema na viti, mimi nikaja kama mwosha vyungu, Kalume akamleta Kabanyana kwa pikipiki, maana tulikuwa tumeshaiacha baiskeli. Maziwa yalikuwa kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi, watu wamekaa kwa mpango, wazee wanasimama mmoja mmoja kusifu ng'ombe zao kwa maneno ya mbio mbio. Nikasema, kama hapa wanaimbiwa ng'ombe, na sisi tutapata.

Kumbe kati ya wageni kulikuwa na polisi aliyewahi kufanya kazi Nakivale. Akamnong'oneza mzee. Twinomujuni akaja na fimbo yake mpaka tulipokuwa.

"Huyu mimi najua yeye. Huyu iko ya maiti."

"Mzee," Zainah akasema, "leo ataimba ya harusi."

"Hapana! Hapa kwangu hapana fungua mdomo. Ng'ombe yangu mingi iko na mimba."

Kabanyana alipewa kisu akatumwa nyuma kumenya matoke. Kalume akakaa juu ya pikipiki yake akitazama tairi. Zainah alinitazama tu kama mtu anayeaga. Kabanyana alimenya ndizi ile ya kwanza mpaka ikabaki ya kumlisha ndege.

"Kila fasi banakata wimbo yangu katikati," akasema. "Leo bamekata hata mwanzo."

Mimi niliendelea kusugua chungu. Mtu akisugua chungu hakuna anayemwona, na masikio yake yako huru. Dirisha la chumba cha bibi harusi lilikuwa juu ya kichwa changu. Kinyankore changu ni cha sokoni, lakini ugomvi wa wanawake huwa nauelewa kwa lugha yoyote. Aliyekuwa anagombeza ni Babra, shangazi wa Robinah, ambaye kazi yake siku hiyo ni kumtoa binti nje akiwa analia. Maana kwa Wanyankore binti akitoka kwao lazima alie. Asipolia ni aibu.

"Lia, mtoto! Wakwe wamekwisha kusimama!"

"Siwezi, Shangazi."

"Nimekupa kitunguu!"

"Kitunguu kinanichekesha."

"Watasema kwetu hukupewa maziwa! Watasema ulikuwa na haraka!"

"Nina haraka kweli! Naboth alipokuwa jeshini kule kaskazini nililia kila siku nikidhani hatarudi. Yameisha, Shangazi. Amerudi. Nitayatoa wapi mengine?"

Halafu nikasikia kicheko, kile cha mtu aliyekatazwa kucheka. Nikaweka chungu chini. Nikainua kichwa mpaka kwenye dirisha.

"Shangazi," nikasema, "mimi niko na mtu."

Babra alishtuka, akanitazama, akamtazama Robinah anayekohoa kwa kicheko, akatazama juu kuomba msamaha kwa wahenga wake. "Mlete haraka," akasema.

Chumba kilikuwa na pazia zito linalokitenga na sebule. Mpango ulikuwa mwepesi: Kabanyana akae nyuma ya pazia alie, Robinah afunikwe shuka kichwani kama desturi, atolewe na shangazi zake, akifika mlango wa nje, mimi nimfinye Kabanyana anyamaze. Nani angejua?

"Mama," Kabanyana akaninong'oneza, "nitaingia. Lakini leo, hata unifinye, nitaimaliza."

Nikadhani ni maneno tu.

Akafumba macho, akaanza. Nimeisikia sauti ile misibani mara nyingi kuliko nilivyosikia kengele ya kanisa, lakini siku ile ilikuwa imefungiwa chumbani, ikitafuta pa kutokea. Nje mazungumzo yakazimika. Mtu akasema kwa mshangao, "Binti analia vizuri!" Mwingine akajibu, "Huyu amelelewa!" Shangazi wakamwinua Robinah, wakamtoa. Alikuwa anacheka chini ya shuka mpaka mabega yanaruka, na mabega yanayoruka chini ya shuka, ndugu zangu, hakuna anayeweza kuyatofautisha na kwikwi. Mama yake akaanguka kifuani kwa jirani. Askari waliokuja na Naboth, wanaume wa mabuti, wakawa wanajipapasa mifukoni kutafuta leso ambazo jeshi halikuwapa. Hata Twinomujuni alitoka machozi, yakashuka mpaka ndevuni.

Robinah akafika mlango wa nje. Nikamfinya Kabanyana.

Sauti ikapanda juu zaidi.

Nikamfinya tena, kwa kucha. Ikapanda tena. Nikaona kumbe namchochea, nikaacha.

Huko nje bibi harusi ameshapita wakwe, amefika kwenye gari. Naboth akamfunulia shuka amfute machozi. Akakuta meno tu. Na kilio bado kinatoka ndani ya nyumba. Watu wakamtazama Robinah. Wakaitazama nyumba. Wakamtazama tena Robinah. Wakasimama kama watu walioshikwa wanalilia kitu kisichokuwepo.

Fimbo ya Twinomujuni niliisikia kabla sijamwona. Akavuta pazia. Kabanyana amesimama, macho kayafumba, kisu cha matoke bado mkononi.

"Wewe!"

Hakumsikia. Mzee akainua fimbo, na hapo mama yake, ajuza aliyekuwa amekaa mkekani sebuleni muda wote na kibuyu chake cha maziwa, akasema neno moja kwa Kinyankore. Babra alinitafsiria baadaye. Alisema: "Mwache amalize. Mimi siku yangu nililia kama mbuzi na hakuna aliyenisifu."

Twinomujuni akashusha fimbo. Unaweza kubishana na polisi, huwezi kubishana na aliyekuzaa.

Nusu ya kwanza ikaisha. Kabanyana akavuta pumzi. Nilichungulia nje, nikamwona Zainah chini ya hema, ananitazama jinsi mtu anavyotazama sahani iliyokwisha kuvunjika. Vichwa vyote viko chini. Jumamosi zimekwenda, nikasema. Mjukuu amekwenda. Maharage ya njano yamekwenda.

Kisha bibi harusi wa Kitaliano akamwona bwana wake mlangoni.

Sijui niieleze vipi nusu ile. Ilikuwa ni kicheko, lakini kicheko kilichofundishwa kupanda ngazi. Ha-ha-ha-ha, inapanda, inasimama juu kabisa, inachungulia, halafu inateleza chini kama mtoto kwenye matope. Kama kuku aliyetaga yai na anataka kijiji kizima kijue. Wa kwanza alikuwa yule ajuza. Alicheka bila jino hata moja, akapiga kigelegele kilichokaa kooni tangu enzi za mfalme. Halafu Robinah kule garini. Halafu mwanajeshi mmoja, bado machozi yako kidevuni. Watu waliokwisha kulia hawana tena pa kuficha kicheko. Kabanyana akafika ile sauti ya juu kuliko zote, akaishika, akaishika, na kutoka zizini ng'ombe mmoja mkubwa akamwitikia, muuuu, sauti ile ile.

Boma zima likapasuka. Wazee wakaangusha fimbo. Twinomujuni alijaribu kukunja uso, akashindwa, akaushika ukuta.

"Hata ng'ombe yangu naimba!" akasema. "Hata ile ya mimba!"

Kabanyana akafumbua macho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke Bukavu kufumbua macho baada ya wimbo wote, na akakuta watu wanacheka pale pale pa kucheka. Akakaa chini juu ya kitanda cha bibi harusi, akalia. Hakuna aliyetambua, walidhani ni nusu ya tatu.

Zainah alinikuta kwenye vyungu. "Jumamosi ijayo," akasema, "na avae nguo yake mwenyewe." Jumamosi hiyo walikuja shangazi wa kila dini, wote wanataka yule anayelia kwanza, kisha anacheka. Miaka iliyofuata, wapiga tarumbeta wa kambi ya jeshi walikuja kumsindikiza ukumbini, na mpaka leo, mwaka huu wa 2015, mabango yake yako kwenye nguzo za Mbarara: Kabanyana, Opera. Anafundisha wasichana kupumua kwa tumbo, na misibani bado anaenda bila kuitwa, maana kuni ni kuni.

Lakini lazima niwamalizie ya Kalume. Kesho yake baada ya harusi ya Robinah alileta washenga kweli, wala hakungoja jua liwake. Na kwa kuwa Kabanyana hakuwa na kwao, alitolewa kwenye nyumba yangu, ile ile alimokuja kuolewa. Alizunguka tu, akatoka mlango wa mbele akaingia wa nyuma. Sasa siku yenyewe, Robinah, ambaye alikuwa amekuja na Naboth wake, akasema bibi harusi lazima alie. Kabanyana akajaribu. Akaketi nyuma ya pazia, akavuta pumzi kwa tumbo. Hakuna. Anatabasamu kama chungu kilichofunikwa vibaya.

"Mama, imekataa," akasema. "Nililia yote ya batu."

Nusu ya kwanza isipokuwepo, nusu ya pili itaanzia wapi? Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Mama mkwe kumlilia mke wa mwanawe, sijasikia popote. Nikaingia nyuma ya pazia, nikafumba macho, nikafungua koo.

Sauti yangu ni mlango wa banda la kuku. Nilifika ubeti wa pili, na nilikuwa nimeanza kuipenda, Ndayambaje alipoita kutoka uani, kwa upole wake wa siku zote:

"Pole, Mama Kalume! Maiti ni mrefu ao mfupi?"

Na Kabanyana, pembeni yangu, akaanza nusu ya pili.